Kwa Nini Lifti Hugoma

Mtu wa Iguhu, hapa Kakamega, aghalabu hukutana na lifti akiwa amekwenda mahali kwa haja nyingine: amempeleka mgonjwa katika hospitali kubwa, au amefuatia hati ya shamba lililogawanywa baina ya ndugu, au amefika Nairobi kumwangalia mwanawe ambaye ofisi yake iko ghorofa ya kumi na mbili; na anapokuta mlango wa chuma umefungwa, na karatasi imebandikwa juu yake kusema kwamba chombo hakifanyi kazi, hana budi kushika ngazi na kupanda polepole, akipumzika kila kituo, pasipo kuelezwa na yeyote hitilafu ya chombo hicho ni ipi na imekuwaje kilikwenda vyema jana na leo hakisogei. Makala haya yamekusudiwa yeye, na kadhalika vijana wetu wanaosomea umeme katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, ambao baadhi yao wataitwa siku moja kusimama mbele ya mlango kama huo, mikoba ya zana mikononi, huku wapangaji wenye hasira wamewazunguka.

Wala watu wa Kakamega si wageni wa kuteremshwa na kupandishwa wima. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 na walowezi wakamiminika kuitafuta, mashimo marefu yalichimbwa katika ardhi ya nchi hii, na mgodi wa Rosterman uliendelea na kazi hata mwaka 1952. Na mpaka leo, katika machimbo madogo ya Ikolomani, mchimbaji hushuka kwa kamba iliyozungushwa juu ya gogo lenye mikono miwili, nao wenziwe walio juu huizungusha mikono hiyo kwa nguvu ya mabega yao. Ukikitazama chombo hicho kwa makini utaona kwamba kina kamba, kina kitu cha kuizungushia, kina mzigo na kina nguvu ya kuuvuta, yaani takriban vyote vilivyomo katika lifti ya jengo refu. Kilichopungua ni sehemu inayouliza. Gogo haliulizi kama kamba imechakaa, wala kama aliye chini amekwisha kaa sawasawa, wala kama mmoja wa wazungushaji ameteleza mkono. Maswali hayo huulizwa kwa sauti ya binadamu, na sauti isiposikika maafa hutokea. Lifti imetengenezwa ili iulize maswali mengi kabla ya kusogea hata unene wa kidole, na ikikosa jibu la swali moja tu, haisogei. Na katika hali zilizo nyingi, lifti inayosemekana kuwa imeharibika imekataa tu kwenda, kwa sababu iliyo njema, na kazi ya fundi ni kuitambua sababu hiyo.

Asili ya hadhari hii ni hofu ya kamba kukatika. Mwaka 1854 Mmarekani mmoja, Elisha Otis, alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa katika maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, akaamuru kamba ikatwe mbele ya halaiki, na jukwaa likashuka kidogo tu kisha likanaswa na meno ya chuma yaliyokuwa pembeni. Na baada ya miaka mitatu lifti yake ya kwanza ya abiria ikafungwa katika duka la Haughwout mjini humo. Nguvu ya umeme iliingia katika sanaa hii mwaka 1880, Werner von Siemens alipoonyesha lifti yake huko Mannheim, Ujerumani. Upande wetu, jengo ambalo hutajwa kuwa la kwanza Afrika ya Mashariki kupata lifti ni Beit al-Ajaib la Unguja, lililosimamishwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. 

Hofu ya kamba, basi, ilikwisha kupata dawa zamani, ijapokuwa bado ndiyo inayowatia watu jasho. Kabini, yaani chumba kidogo anachopanda abiria, huning'inia kwa kamba kadhaa za chuma, na kila kamba, kwa kanuni za Ulaya zinazofuatwa katika nchi nyingi, imekadiriwa kustahimili mara 12 ya mzigo unaoiangukia. Fauka ya hayo kuna gurudumu dogo la kupima mwendo, ambalo kabini ikizidi kasi yake ya kawaida kwa kiasi cha asilimia 15 au zaidi, hukata umeme na kuyaamuru mataya ya chuma yashike reli zinazoiongoza kabini. Ilihitajiwa ndege ya kivita kuligonga jengo la Empire State, tarehe 28 Julai 1945, ndipo kamba za lifti zikatwe pamoja na kamba ya lile gurudumu la mwendo, na hata hivyo msichana aliyekuwa ndani, Betty Lou Oliver, aliyeanguka ghorofa 75, alitoka akiwa hai. Anayetaka kuogopa kitu cha haki na aogope mlango, kwa maana aghalabu watu wanaokufa kwa lifti hufa kwa kuingia katika mlango uliofunguka ilhali kabini haipo.

Katika chumba cha mashine, ambacho huwa juu ya paa au pembeni mwa shimo ambamo kabini hupanda na kushuka, kuna kabati la chuma lenye nyaya nyingi, nalo ndilo linaloamua lifti iende au isiende. Zamani kabati hilo lilijaa relei, vidude vyenye sumaku vilivyokuwa vikipiga kelele ta-ta-ta kila lifti ilipoitwa, hata fundi mzoefu aliweza kuisikiliza hitilafu kwa sikio kabla ya kuiona kwa jicho. Tangu miaka ya 1980 kazi ile imechukuliwa na bodi za kompyuta, ambazo hazina sauti lakini huandika namba ya hitilafu katika kioo kidogo, na hili ni jambo la kheri kwa aliye na kitabu cha kuzitafsiri namba zile na balaa kwa asiyekuwa nacho. Kuna pia chombo kinachoibadili kasi ya mota kidogo kidogo, ili mtu asihisi tumbo lake likipanda peke yake. Lakini roho ya mambo yote, iwe kabati ni la zamani au la jana, ni waya mmoja ambao huitwa mnyororo wa usalama.

Waya huo hutoka katika chanzo chake, aghalabu ukiwa na volti 110 au chini ya hapo, ukapita katika swichi ya gurudumu la mwendo, swichi ya mataya ya reli, swichi mbili za mwisho wa safari, moja juu kabisa na moja chini kabisa, vitufe vya kusimamishia vilivyo chumba cha mashine, juu ya kabini na ndani ya shimo, kisha swichi ya mlango wa kabini na kitasa cha kila mlango wa ghorofa. Na vyote vimepangwa kwa kufuatana, mithili ya punje za tasbihi juu ya uzi mmoja, hata uzi ukikatika mahali popote zote humwagika. Mwisho wa waya kuna kontakta, yaani swichi kubwa ya kuwasha mota, na kontakta isipopata umeme wake, mota haizunguki, na breki, ambayo hubanwa na springi na kuachiliwa kwa nguvu ya umeme tu, hubaki imebana. Tafadhali msomaji ulizingatie jambo hili la breki, kwani watu wengi hudhani kinyume chake: umeme hauhitajiwi kuisimamisha lifti, huhitajiwa kuiachilia.

Sasa tuchukue jengo la ghorofa saba, mfano wa yale yanayoinuka Kisumu na Kakamega mjini, na lifti yake imekufa asubuhi. Fundi mwema haanzi na zana. Huanza na mlinzi wa mlangoni.

“Ilianza lini, mzee?”

“Tangu saa moja, fundi. Inafunga, inafungua, inafunga, inafungua, halafu ikanyamaza.”

Maneno hayo machache yana thamani kubwa kuliko nusu saa ya kufungua skrubu, kwa kuwa yamekwisha kusema kwamba umeme upo, bodi ina uhai, mota ya mlango yazunguka, na kwamba shaka iangukie milangoni. Fundi hupanda kwa ngazi, hufungua kabati, na kutazama safu ya taa ndogo, akaona kwamba ile ya mnyororo wa usalama imezimika. Swichi za mnyororo wa jengo hili ni 16: nane za mwanzo ni za gurudumu, mataya, miisho miwili, vitufe vitatu na mlango wa kabini, nane za mwisho ni vitasa vya milango, kuanzia chini hata ghorofa ya saba. Mwanagenzi angezipima moja moja, akipanda na kushuka. Mwenye maarifa huweka mita yake katikati, baada ya swichi ya nane, akikuta volti zipo hujua kwamba nane za kwanza hazina kosa, na hasumbuki nazo tena. Hupima baada ya mlango wa nne katika ile minane iliyosalia, yaani wa ghorofa ya tatu: hakuna kitu. Hupima baada ya mlango wa ghorofa ya kwanza: volti zipo. Hupima baada ya ghorofa ya pili: zipo. Basi kosa ni ghorofa ya tatu, na amelijua kwa vipimo vinne, pasipo kutoka katika chumba cha mashine.

Hushuka ghorofa ya tatu, akachuchumaa mlangoni na tochi, na katika mfereji wa kizingiti unamopitia mguu wa mlango hukuta kizibo cha soda kimekanyagwa hata kikawa bapa. Mlango ulikuwa ukifunga mpaka ukabakisha upana wa ukucha, ulimi wa kitasa usifike mahali pake, na lifti ikiona mlango mmoja haujajibu ikafungua na kujaribu tena, mara kadhaa, kisha ikakata tamaa kama ilivyoamriwa na bodi yake. Kizibo hutolewa kwa bisibisi. Wapangaji watasema fundi amelipwa fedha nyingi kwa kutoa kizibo, nao hawatakuwa wamekosea sana, ila hakulipwa kwa kukitoa, amelipwa kwa kujua kilipo.

Mlango ndio sehemu ya lifti inayofanya kazi nyingi kuliko zote, na ndiyo inayopigwa mateke, inayozuiliwa kwa mguu na mwenye kumsubiri rafiki, na inayogongwa na mikokoteni ya mizigo. Kwa hiyo si ajabu kwamba hitilafu nyingi huzaliwa hapo. Gurudumu la kuning'inizia mlango likilika, mlango huinama na ulimi hupita kando ya tundu lake. Miale isiyoonekana inayolinda upenyo wa mlango ikifunikwa na vumbi, au buibui akitanda uzi wake mbele ya jicho moja, lifti huamini kwamba mtu amesimama kati na hufungua bila ya kikomo. Kitambaa laini kilicho safi ndicho dawa. Na mara nyingine lifti iliyokaa wazi huku ikilia haina kosa hata kidogo: imepimiwa mzigo, watu wamejazana kupita kiasi chake kwa asilimia 10, na kila mmoja anamtazama mwenziwe akingoja yeye ndiye atoke.

Baada ya mlango huja umeme, na hapa nchi yetu ina mambo yake. Mota ya lifti hula umeme wa fezi tatu, volti 415, ilhali taa za ofisi hula fezi moja. Hivyo fezi moja ikipotea, taa za sehemu kubwa ya jengo zitawaka kama kawaida na watu wataapa kwamba stima zipo, nayo lifti itakataa katakata, kwani relei ya kuchunga fezi imeona kwamba mmoja wa watatu hayupo na kwamba mota ikilazimishwa itaungua. Kuna na jambo la ajabu zaidi: laini ikikatika kwa dhoruba na kuungwa tena, pengine fezi mbili hubadilishana mahali, na mota ambayo jana ilizunguka kuume leo, katika baadhi ya lifti, ingezunguka kushoto, kabini ishuke mtu alikotaka kupanda; lakini relei ile ile hulitambua hilo pia na kuzuia. Fundi asiyejua atabadili bodi ya thamani kubwa bure, kumbe dawa ilikuwa kugeuza nyaya mbili.

Radi ni adui mwingine. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na alasiri nyingi za msimu wa mvua hazipiti bila ya ngurumo. Umeme wa radi ukiingia katika laini hauhitaji kuligonga jengo ndipo uunguze bodi, hutosha kupita jirani, kwa hivyo mwenye jengo anayebania bei ya kinga ya radi na waya wa ardhi atailipa bei hiyo mara kadhaa kwa bodi. Mvua hiyo hiyo hujipenyeza chini ya kuta na kujaa katika shimo la lifti, ikalowesha swichi za chini na kula nyaya zake kwa kutu. Nami nashauri kwamba lifti yoyote inayogoma kila baada ya mvua kubwa iangaliwe shimoni kabla ya kutazamwa mahali pengine popote.

Lakini hitilafu inayomnyima fundi usingizi ni ile inayokuja na kwenda. Anapofika lifti inakwenda, anapoondoka inakufa. Hapa uvumilivu ndio chombo, na daftari ndilo shahidi: lifti ikigoma baina ya ghorofa ya nne na ya tano tu, na mahali pengine popote ikapita salama, shaka ni juu ya ule waya bapa unaoning'inia chini ya kabini na kusafiri nayo, kwani huenda uzi mmoja ndani yake umevunjika, ukawa unagusana unaponyooka na kuachana unapokunjwa mahali pale pale. Ikigoma saa saba mchana na kupona jioni, tazama joto la chumba cha mashine, ambacho hakitakiwi kuzidi nyuzi 40, na ambacho mara nyingi dirisha lake limezibwa kwa maboksi na mwenye jengo aliyeona ni stoo nzuri. Ikisimama chini ya sakafu au juu yake, hata bibi akajikwaa, hilo lisipuuzwe kwa kuwa yaendelea kwenda: kanuni zile za Ulaya huruhusu tofauti ya milimita 10 tu lifti inaposimama, na inayozidi hapo yaweza kuwa dalili ya breki iliyolika.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban Kenya nzima ilikosa umeme kwa mara moja, na mtu ahitaji kufikiri kidogo tu ajue kwamba katika saa ile kabini zisizokuwa na jenereta wala betri zilisimama na watu wao ndani. Aliyemo humo hana la kuhofia ila haraka yake mwenyewe: pumzi haitamwishia, maana kabini ina matundu ya hewa, abonyeze kengele, apige simu, akae chini. Asijaribu kuufungua mlango kwa nguvu na kuruka, kwani baina ya sakafu ya kabini na ya ghorofa hubaki upenyo unaotazama shimoni. Nao walio nje wasimruhusu kila mwenye ufunguo kuachilia breki kwa mkono, kwa sababu lifti ina hila ambayo wengi hawaijui. Upande wa pili wa kamba kuna uzani wa chuma, uliokadiriwa kuwa sawa na kabini tupu pamoja na kama nusu ya mzigo wake kamili. Tuseme kabini ina kilo 800 na huchukua watu wanane, kilo 630, basi uzani ni kilo 1,115. Mtu mmoja wa kilo 75 akiwa ndani, upande wake una kilo 875. Breki ikiachiliwa, kabini hiyo haishuki hata kidogo. Hupanda, tena kwa kuongeza mwendo, na aliyekuwa akingoja kushushwa hujikuta anakimbizwa kuelekea paani.

Limebaki jambo ambalo laiti ningekuwa na uwezo ningeliandika juu ya kila kabati la lifti kwa rangi nyekundu. Fundi anapotafuta kosa katika mnyororo wa usalama, mara nyingine huunga waya mfupi kuiruka swichi anayoishuku, waya ambao mafundi huuita jampa, ili aone kama lifti itakwenda. Ni njia halali ya uchunguzi, maadamu lifti imewekwa katika hali ya ukaguzi, iendeshwayo polepole na fundi mwenyewe, na abiria wamezuiliwa milango yote. Balaa huja mlinzi anapopiga kelele, mwenye jengo anaposhuka na shati jeupe kuuliza itachukua muda gani, na fundi, kwa uchovu au kwa haya, hulifunga kabati na jampa imo ndani. Wote hufurahi siku hiyo. Lifti haisumbui tena, hata mlango ukiwa wazi haisumbui, na hapo ndipo imekuwa sawa na lile gogo la wachimbaji, isipokuwa gogo huzungushwa na watu wenye macho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 hutaka lifti ikaguliwe kikamilifu na mtu aliyeidhinishwa walau mara moja katika kila miezi sita, na mpangaji ana haki ya kuuliza ripoti ya mwisho iko wapi na ni ya tarehe gani.

Mafundi walio waangalifu hutumia jampa ndefu zenye rangi kali, zilizotiwa namba, ambazo mlango wa kabati haufungiki zikiwa bado zimechomekwa. Huzihesabu zinapotoka mkobani na kuzihesabu zinaporudi. Kisha, kabla ya kuwaita wapangaji, hupita ghorofa moja baada ya nyingine, wakaufungua kila mlango kwa ufunguo wake mdogo wa pembe tatu huku mwenzao akijaribu kuiendesha lifti polepole kutoka juu ya kabini. Na mlango mmoja tu ukiwa wazi nayo lifti ikakubali kusogea, hurudi katika chumba cha mashine na kuanza upya.